Usiioshe injini kabla hujausoma uchafu wake

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Toyota IST ya mwaka 2004 kwa mtu hapa hapa Tanga, injini yake ni 1NZ. Nilipofungua boneti kwa utulivu nimekuta ubavu wa upande wa mkanda umeganda tope jeusi linalonata, limeshuka mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili la chini ya injini. Chini ya pampu ya maji kuna ukoko wa waridi uliochanganyika na weupe, na hapo hapo kuna kitundu kidogo. Pembeni nimeona matundu mengine mawili yenye nyuzi za kukazia bolti, lakini bolti hazimo. Kizibo cha oili nacho kwa ndani kina utando kama wa maziwa. Fundi wa jirani anasema tuipige injini maji ya presha, kisha matundu yote tuyazibe kwa silikoni. Nikubali?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba dada. Usikubali. Maji ya presha yatafuta ushahidi wote, na silikoni itaziba kitundu ambacho waliounda injini walikiweka makusudi. Ukifanya hayo mawili gari litapendeza wiki chache, utaamini limepona, na kumbe ugonjwa unaendelea kwa ndani.

Tuanze na tope jeusi. Oili inachuruzika kidogo kidogo, vumbi linanasa juu yake, joto linaikausha, kisha inachuruzika tena juu ya tabaka la zamani. Tope nene maana yake uvujaji ni wa muda mrefu. Hata rangi ya vumbi lililomo ina habari: jekundu ni la barabara za udongo kama za kupanda Amani, la kijivu laini ni la maeneo kama Pongwe. Hilo ni la kujua tu. La kufanyia kazi ni hili: chukua bisibisi bapa, kwangua sehemu ndogo mpaka ufike kwenye chuma. Tope likibanduka kama magamba na chini yake kumekauka, huenda uvujaji ulishatibiwa zamani na hakuna aliyejali kusafisha. Chini kukiwa na unyevu unaong'aa, oili inatoka mpaka leo.

Gusa unyevu huo kwa tishu nyeupe. Oili ya injini huacha doa la kahawia au jeusi. Oili ya gia boksi ya otomatiki huwa nyekundu, ingawa ikichakaa hugeuka kahawia na kunuka kama kitu kilichoungua. Kwa gari lako uvujaji wa gia boksi siutegemei, kwa sababu gia boksi iko ubavu wa pili, na usukani wa IST unasaidiwa na umeme, hauna oili ya kuvuja. Kwa hiyo upande wa mkanda mshukiwa mkuu ni oili ya injini.

Sasa inatokea wapi? Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Pale penye tope jingi ndipo inapokusanyikia. Inapotokea huwa juu zaidi, na mara nyingi mbele zaidi. Washa tochi, anzia kwenye sampo, panda na unyevu taratibu mpaka ufike mahali ambapo juu yake kumekauka kabisa. Kwenye 1NZ mimi huangalia kwanza gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), ambayo baada ya miaka ishirini ya joto huwa ngumu kama plastiki. Hiyo ikiwa salama, naangalia vali ya oili ya VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa vali za injini kufunguka), ambayo ina pete ndogo ya mpira inayochoka, halafu maungio ya kava la taimingi cheni. Mwisho ni sili ya krenki, yaani mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini, nyuma ya puli kubwa ya chini. Sili hii ina alama yake: puli ikizunguka huirusha oili, kwa hiyo utakuta matone yametapakaa kwa duara na kuchafua hadi plastiki ya ndani ya tairi. Usipoona duara hilo, usikubali mtu akuuzie sili ya krenki.

Ukifungua tapeti kava, chungulia na mashimo ya plagi. Oili ikiwa imejaa humo, mipira ya mashimo hayo nayo imekwisha, na koili za kuwashia plagi zitaanza kukusumbua.

Ukoko wa waridi ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Kulanti ya Toyota, yaani maji yake ya kupozea injini, huwa nyekundu au ya waridi, na ikikauka juu ya chuma cha moto huacha unga wa rangi hiyo. Weupe uliochanganyika nao unaweza kuwa chokaa. Mji wetu umezungukwa na mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi, na anayejazia rejeta maji ya kisima anajaza na chokaa hiyo. Kwa vyovyote vile, pampu imekuwa ikitoa maji. Wapo wanaoonja kwa ulimi ili kuhakikisha. Nakuomba sana usifanye hivyo: kulanti ina glaikoli, ni tamu na ni sumu, na watoto na paka wa nyumbani wakae mbali na tone lolote.

Hicho kitundu kilicho chini ya pampu, tafadhali mtu asikiguse na silikoni. Ndani ya pampu kuna shafti inayozungushwa na mkanda. Upande mmoja wa shafti kuna maji, upande wa pili kuna beringi yenye grisi, na katikati imewekwa sili ya kuwatenganisha. Waundaji wanajua sili hiyo itachoka, ndiyo maana wakaacha kitundu kati yake na beringi: maji yakipenya yatoke nje, yaonekane, yasifike kwenye grisi. Ukikiziba, maji yataingia kwenye beringi na kuiosha grisi. Pampu itaanza kulia, puli itacheza, na siku ikikwama mkanda utaruka au kukatika. Hapo hakuna maji yanayozunguka tena, na silinda hedi ya alumini (sehemu ya juu ya injini) ikipata joto kupita kiasi hupinda. Bei ya pampu ukiilinganisha na kazi ya hedi utaona hakuna la kufikiria.

Alama hafifu ya unyevu kwenye kitundu hicho haitishi, hata pampu nzima inaweza kuwa nayo. Ukoko unaokua, au tone, maana yake pampu ibadilishwe. Injini ikiwa imepoa kabisa, weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba ya kulanti, uangalie kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kiwango kikishuka umepata jibu. Na siku fundi atakapotoa mkanda, ashike puli ya pampu aitikise kwa mkono. Haitakiwi kucheza hata kidogo.

Matundu mawili yenye nyuzi ni habari nyepesi, kwa kiasi kikubwa. Injini ya 1NZ imefungwa kwenye IST, Probox, Porte, Premio na magari mengine ya Toyota. Bloku inatoka na matundu ya kufungia vifaa, kila gari linatumia yale linayoyahitaji na mengine yanabaki wazi maisha yote. Chukua chelewa moja ya ufagio, injini imezimwa, uisukume taratibu ndani. Ikigota karibu na kutoka kavu, liache tundu lilivyo. Ikizama sana, au ikitoka na oili, niandikie tena, kwa sababu hapo kuna bolti iliyotakiwa kuwepo.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kwenye mdomo wa tundu, na wengi hukipita. Bolti ikikaa miaka mahali pamoja, kichwa chake huacha duara safi juu ya chuma, jembamba kama pete, lenye rangi tofauti na uchafu wa pembeni. Ukiliona duara hilo, ujue kulikuwa na bolti, na kuna aliyefungua akashindwa kuirudisha. Fuatilia ilikuwa inashika nini: kava, altaneta au waya wa ethi. Mdomo ukiwa na uchafu ule ule wa chuma kinachouzunguka, hapakuwahi kuwa na kitu.

Utando wa maziwa kwenye kizibo cha oili usikunyime usingizi bado. Safari fupi za kutoka Chumbageni hadi soko la Mgandini haziipi injini muda wa kupata joto la kukausha unyevu wake, na unyevu hugandia juu kwenye kizibo. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ya kwenye kijiti ikiwa na rangi yake ya kawaida, ni unyevu tu. Kijiti nacho kikiwa na rangi ya maziwa, na kulanti inapungua, gari lisiwashwe tena mpaka gasketi ya hedi ikaguliwe.

Kwa hiyo mpangilio ningeupanga hivi. Piga picha kila sehemu kabla ya yeyote kugusa. Pampu ibadilishwe kwanza, pamoja na mkanda kama umelowa oili, kisha mfumo ujazwe kulanti badala ya maji matupu. Tope lisafishwe kwa brashi na dawa ya kuondolea grisi, injini ikiwa ya baridi, koili na altaneta zikiwa zimefunikwa kwa nailoni, na isuuzwe kwa maji kidogo yasiyo na presha. Petroli isitumike. Ikikauka, paka poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku, endesha mpaka Muheza na kurudi, halafu fungua boneti. Oili itakuwa imechora mstari wake juu ya weupe wa poda, na mwanzo wa mstari ndio pa kutengeneza.

Ikiwa ni tapeti kava, nunua gasketi mpya ya mpira. Silikoni hapo inahitajika tone dogo tu kwenye kona mbili ambapo kava la taimingi linakutana na hedi. Fundi akizungushia kava zima, ile inayobanwa kuingia ndani hukatika vipande, hushuka kwenye sampo na kuziba chujio la pampu ya oili. Bolti za kava nazo ni ndogo na hukazwa kwa nguvu kidogo, kwa hiyo usimruhusu atumie spana ndefu.