Kabla ya kupandisha kifurushi, pima kwanza

Intaneti ya nyumbani ikianza kusuasua, wengi wetu tunakimbilia dawa moja: kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Nimeitwa na ndugu na majirani wa kutosha hapa Dar es Salaam kuangalia Wi-Fi zao, na mara nyingi hela ya nyongeza imekwenda bure, maana kifurushi hakikuwa na kosa lolote.

Mama yangu mdogo wa Tabata alikuwa na faiba ya 20 Mbps, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Video zikawa zinakwama chumbani kwake, akapanda hadi 50. Zikaendelea kukwama. Aliponipigia alikuwa ameshatoa hukumu: "Mwanangu, hawa watu wananiibia." Nilichomeka laptopu kwenye rauta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, kwa waya wa LAN, nikapima: 49. Kwa Wi-Fi pale pale sebuleni, 45. Chumbani, ng'ambo ya kuta mbili za tofali za saruji, 6. Hakuibiwa hata senti. Kasi aliyoilipia ilikuwa inafika vizuri mpaka kwenye kabati la televisheni, ikiishia hapo.

Ndiyo maana nasisitiza kupima kwa mpangilio huo: kwanza kwa waya, kisha kwa Wi-Fi ukiwa karibu na rauta, mwisho pale unapokaa kila siku. Intaneti hupita sehemu kadhaa kabla ya kufika kwenye simu yako, na ile inayopitisha kidogo kuliko zote ndiyo inayoamua utapata nini. Kama kwa waya unapata karibu na ulicholipia, acha kugombana na kampuni. Kama hata kwa waya kasi ni ndogo, hapo una haki ya kupiga simu, tena una namba za kuwaonyesha.

Na kabla ya kupiga, angalia kipimo. Kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, lakini faili linaposhuka kompyuta huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukiwa na 20 Mbps ukaona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, umepata haki yako yote. Ugomvi mwingi unaishia hapa.

Modemu, kwa watu wa faiba, ni kile kisanduku kinachopokea ule waya mwembamba kutoka nje, na siku hizi mara nyingi kimeunganishwa na rauta humo humo. Ni nadra kukuta chenyewe kinapunguza kasi. Ikiwaka taa nyekundu ya LOS, mwanga haufiki, na hapo ni kazi ya fundi. Angalia tu waya usiwe umekunjwa kwa kona kali au umekandamizwa na mguu wa kochi, maana ndani kuna kioo.

Kwa wanaotumia rauta ya laini ya simu mambo ni tofauti kabisa. Huko modemu ndiyo kila kitu, na kuihamisha mita mbili kunaweza kubadilisha matokeo. Iweke dirishani, upande ulipo mnara. Ukifungua ukurasa wa mipangilio utakuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani: kikiwa karibu na -80 uko vizuri, kikishuka hadi -110 una tabu. Halafu pima saa 11 alfajiri na saa 3 usiku. Ikiwa alfajiri inakimbia na usiku inatambaa, mnara umeelemewa na watu, na hakuna rauta utakayonunua ikautibu.

Sasa rauta yenyewe, ambayo ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Rauta nyingi za bei nafuu zina matundu ya waya yasiyozidi 100 Mbps. Mtu analipia 200, anapima, anapata 94, kesho 93, keshokutwa 94. Namba hiyo ikijirudia namna hiyo, tundu au waya ndio uliofika mwisho wake. Tafuta rauta yenye matundu ya gigabiti, na waya wa LAN wa daraja la Cat5e au zaidi (huandikwa kwenye waya wenyewe).

Wi-Fi za nyumbani nyingi zina masafa mawili. GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, tena mtaani imejaa Wi-Fi za majirani. GHz 5 ina kasi kubwa lakini ukuta wa zege unaichosha haraka. Mimi huyapa majina tofauti ili nijue simu imeshika ipi. Kwenye 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani. Usiipange rauta kwa urembo: nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, sakafuni, kote huko unaifunga mdomo. Kwa mama mdogo tulivuta waya hadi koridoni, tukaitundika juu ukutani, na chumbani ikafika 38. Angebaki na zile 20 zake asingeona tofauti yoyote kwenye video.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vya kurefusha Wi-Fi sivipendi. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu. Nyumba ikiwa kubwa, vuta waya ukafunge rauta ya pili upande wa pili.

Kifurushi kinastahili kupandishwa pale watumiaji wanapokuwa wengi kweli. Netflix wanapendekeza 5 Mbps kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K, kwa hiyo televisheni moja na simu chache haziishindi 20. Watoto wanne wakifungua video kila mmoja na wewe uko kwenye kikao, hapo hesabu inabadilika.

Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili ambayo matangazo hayayataji kwa herufi kubwa. La kwanza, je, "isiyo na kikomo" ina kikomo? Vifurushi vingine hushushwa kasi ukishavuka kiasi fulani cha GB kwa mwezi, na ikitokea kila tarehe 20 unaanza kuteseka, sababu unaijua. La pili ni kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma vitu kutoka kwako kwenda mtandaoni. Unaweza kuwa na 40 ya kushusha na 5 tu ya kupandisha, na simu moja ikianza kutuma picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, sauti yako kwenye kikao inakatika ingawa wewe unawasikia wenzako vizuri kabisa. Hapo zima kwanza upandishaji wa picha, au uupange ufanyike usiku wa manane.