Maswali yenu ya kuogelea kwa mapezi ya miguuni: mbona napiga teke siendi?

Kocha, nimeazima monofini (lile pezi moja pana la miguu yote miwili), napiga kwa nguvu zote ila mapaja yanawaka na nipo palepale. (wa Kigamboni)

Magoti hayo ndugu yangu. Ukikunja goti sana paja linashuka mbele linagongana na maji, yani unapiga gesi huku umeshika breki. Wimbi la mwili linaanzia kifuani, linapita tumboni, kiunoni, goti linajikunja kidogo tu lenyewe, pezi linamalizia. Ushaona mtu anakung'uta khanga kutoa mchanga pale Coco? Mikono inacheza kidogo tu huku juu, pindo la chini ndo linapiga pa! Sasa mwili wako ndo khanga yenyewe. Alafu wengi wanasukuma wakishusha miguu tu, wakipandisha wanapumzika, hapo nusu ya mwendo imepotea, pandisha miguu imenyooka, makalio na mgongo wa chini vifanye kazi. Jipime hivi: vua monofini, lala chali kwenye maji, piga teke la pomboo, yani miguu pamoja kwa wimbi lilelile, taratibu, ukiona magoti yanachungulia juu ya maji ujue unaendesha baiskeli.

Kichwa nikiweke wapi, si lazima nione mbele? (Mbagala)

Hapana, angalia chini, ule mstari wa bwawa unakutosha. Kichwa kikipanda miguu inazama. Mrija wa kupumulia wa mchezo huu unapita katikati ya paji la uso kwa sababu hiyohiyo, hugeuzi shingo. Mikono mbele, kiganja juu ya kiganja, masikio yabanwe na mikono. Nyumbani simama umeupa ukuta mgongo, mikono imenyooka juu, visigino, makalio na migongo ya viganja vyote viguse, kama mikono haifiki ukutani mabega yako magumu, nyoosha kila siku kabla hujalaumu pezi.

Nianze na pezi moja au mawili? (Tabata)

Mawili, ya mpira laini. Monofini sheria za CMAS, shirikisho la dunia la michezo ya chini ya maji, zinaruhusu upana hadi milimita 760, kwenye bwawa la watu wengi utaumiza mtu.

Nazamia kwa kubana pumzi peke yangu kisiwani Mbudya, navuta pumzi harakaharaka kwanza ili nikae sana chini. Sawa?

Acha leo, nakuomba. Kuvuta hivo kunapunguza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndo inakuambia panda upumue, hivo unazimika chini bila dalili. Mbio za mita 50 za pumzi moja wakali wanamaliza chini ya sekunde 15, ule ni mwendo jamani sio uvumilivu. Nenda na mwenzako, ukipiga mbizi yeye anakaa juu anakuangalia, zamu yake wewe unakaa juu.