Besi weupe wa Texas: tazama maji kwanza, chambo baadaye

Ukiwa unaishi Dallas, Fort Worth au vitongoji vyake, na umezoea kukesha ukivua kambare kwa ini la kuku, nina ombi moja. Kabla kiangazi hakijaisha, waache kambare walale, amka saa kumi alfajiri, uende kumtafuta besi mweupe kwa chambo bandia kinachoelea. Ni samaki mdogo: wengi wana inchi 11 hadi 14, na ukipata wa kilo moja una haki ya kumpiga picha na kuwatumia wajomba zako. Lakini hatembei peke yake. Kundi zima likipanda juu kwa pamoja, maji yanachemka, na chambo chako kinagombaniwa kabla hujamaliza kukunja mshipi uliolegea.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, na aliyenisaidia kumwelewa samaki huyu ni mgebuka, mwindaji wa Ziwa Tanganyika. Chakula kikuu cha besi mweupe katika maziwa ya Texas ni shadi, samaki wadogo wa rangi ya fedha walio wa jamii moja na dagaa wa Tanganyika. Wanaishi kwa makundi, wanakula vijidudu vinavyoelea majini, na kinga yao ni wingi wao tu. Besi huwafanyia kile ambacho mgebuka huwafanyia dagaa: anawasukuma kutoka chini mpaka wanabanwa kwenye uso wa maji na hawana tena pa kukimbilia. Kwa hiyo usiende ziwani kutafuta besi. Tafuta shadi. Wenyeji humwita besi mweupe sand bass, basi ukilisikia jina hilo dukani ujue ni yuleyule.

Msimu wa juu ya maji ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Februari hadi Aprili besi hupanda mitoni kutaga, na huo ni uvuvi mwingine wenye mambo yake.

Kuhusu saa, sababu ni nyingi na zote zinakutana alfajiri. Karibu maziwa yote ya Texas ni mabwawa yaliyojengwa na watu, na katika joto la Julai maji yake hujigawa matabaka: juu maji ya moto, chini maji ya baridi yasiyo na hewa ya kutosha samaki kupumua. Shadi na besi wote wanabaki tabaka la juu, wanaonana kila siku. Usiku shadi hupanda karibu na uso. Mwanga unapoanza kuingia, besi mwenye jicho kubwa anaona vizuri kuliko anayewindwa. Upepo nao bado umelala, hivyo maji ni laini na kila kinachotikisika juu yake kinaonekana kutoka mbali. Jua likishapanda, shadi wanashuka na besi wanawafuata. Julai jua huchomoza huku karibu saa kumi na mbili na nusu, na mimi hutaka niwe nimesimama majini saa nzima kabla ya hapo. Mara nyingi shughuli yenyewe ni nusu saa. Siku ya mawingu mazito inaweza kuvuta hadi saa tatu asubuhi.

Ukifika, usirushe kitu. Yupo mzee mmoja wa Kalemie, Kongo, ambaye mimi hukutana naye karibu na daraja moja la ziwa Ray Hubbard. Huweka kiti chake, humimina chai, na fimbo yake imelala pembeni. Vijana wanakuja na mikoba iliyojaa chambo za kila rangi na kuanza kurusha gizani, kushoto na kulia. Siku moja nilimwuliza, "Papa, unangoja nini?" Akanijibu, "Mtoto wangu, niko nasikiliza kwanza." Na kweli, gizani sikio linatangulia jicho. Besi wakila juu, sauti yake ni mfululizo wa vishindo vidogo vikavu, vingi, vya haraka. Mshindo mmoja mzito ulio peke yake ni samaki aitwaye kapu (carp) au mwingine mkubwa anayejigeuza; huyo mwache.

Mwanga ukipatikana, jifunze kusoma uso wa maji. Shadi waliotulia hutoa vitone kama manyunyu, kimya, na wanabaki palepale. Shadi wanaofukuzwa huruka wote upande mmoja, na upande wanaorukia ndio kundi la besi linakoelekea. Hilo ndilo jambo la thamani kuliko chambo chochote utakachonunua, kwa sababu linakuambia urushe wapi.

Kisha ndege. Waliovua pwani wanajua kufuata membe ili kupata jodari, na wengi wakifika huku hutafuta shakwe angani. Tatizo ni kwamba shakwe wengi huja kwenye maziwa ya kaskazini mwa Texas majira ya baridi. Julai tazama ukingoni: yangeyange na kulastara wakiwa wamejipanga kwenye mawe, shingo zimenyooka, wanatazama upande mmoja, simama hapo. Ndege hao hawapotezi asubuhi yao mahali pasipo na shadi.

Kama hakuna ndege wala sauti, anza na rasi zinazoingia ziwani, mawe ya ukuta wa bwawa, nguzo za madaraja, na vilima vilivyozama ambavyo juu yake maji ni mafupi kuliko pembeni. Upepo wa kiangazi huku huvuma zaidi kutoka kusini, kwa hiyo ukivuma usiku kucha husukuma vijidudu kuelekea kingo za kaskazini, na shadi huvifuata. Mtu asiye na boti akichagua ukingo wa kaskazini wenye mawe amejitendea haki.

Sasa chambo. Nina maoni makali hapa: maduka yanauza chambo za kuvua wavuvi. Kwa besi mweupe unahitaji aina mbili, labda tatu, zenye urefu wa sentimita 5 hadi 9. Ya kwanza ni yenye pangaboi dogo mkiani, kama Tiny Torpedo ya Heddon. Ukiivuta kwa mkato inakoroga maji na kutoa sauti ya shadi aliyejeruhiwa. Ya pili ni popa, ile yenye mdomo uliochimbika unaotema maji, kama Pop-R ya Rebel iliyo ndogo. Ya tatu, kwa siku yenye mawimbi kidogo au samaki walio mbali, ni Super Spook Jr., ambayo ni nzito na unaitembeza kwa kuiyumbisha kushoto na kulia. Rangi? Nyeupe, fedha, au isiyo na rangi kabisa. Usisumbuke zaidi ya hapo.

Ukubwa ndio unaosumbua. Mwanzoni mwa kiangazi shadi waliozaliwa mwaka huo ni wadogo kama ukucha, na besi wakishazoea kula hao wanaweza kupita chini ya chambo kikubwa bila kukijali, wakati maji yanachemka mbele ya macho yako. Dawa yake ni hii. Chukua popa, toa ndoana ya nyuma, na mahali pake funga mshipi wa sentimita 45 hivi wenye kindoana kidogo kilichofungwa manyoya meupe. Popa inapiga kelele na kuwaita. Kile kidogo nyuma ndicho wanachokula. Wakati mwingine wanapanda wawili, mmoja kwenye popa na mmoja mkiani, na hapo usiwe na haraka ya kuwainua.

Fimbo iwe nyepesi, futi 6 na nusu hadi 7. Mshipi wa nailoni wa pauni 8 unatosha na una sifa moja njema: hauzami haraka. Ile ya flurokaboni huzama na kuvuta pua ya chambo chini, kwa hiyo iache nyumbani. Ukipenda uzi wa kusuka kwa sababu unarusha mbali, funga mbele yake nailoni ya urefu wa mkono.

Kurusha: usipige katikati ya kundi. Tupa mbele ya wanakoelekea, na mbali kidogo kupita kundi, kisha ukilete chambo ndani yao. Mwenye boti azime injini mbali, upande upepo unakotoka, aache upepo umpeleke. Kuna watu wanaoingiza boti katikati ya samaki kwa kasi, na kundi zima linazama kwa kila mtu aliyepo. Wakikukaribia, wewe sema nao kwa upole. Mimi uvumilivu wangu hauko hivyo saa kumi na mbili asubuhi.

Mwendo wa chambo uwe wa haraka kuliko unavyodhani. Mikato miwili, kituo kifupi, mikato miwili. Na hapa ndipo wengi wanapompoteza samaki: wanaona maji yamelipuka, wanavuta kwa nguvu, chambo kinaruka hewani na ndoana zake zinakuja usoni. Usivute kwa kusikia mshindo. Vuta kwa kusikia uzito. Akikosa, endelea na mwendo uleule, kwa sababu nyuma yake wapo wenzake wanaomwonea wivu. Vaa miwani. Bana vijino vya ndoana kwa koleo, maana samaki huyu hajui kutulia mkononi, na ndoana zenye meno matatu hazichagui kidole. Mashavu yake nayo yana kingo kali, na mapezi ya mgongoni ni miiba.

Kundi likizama ghafla, ngoja. Rusha palepale mara chache, tazama pande zote. Mara nyingi litaibuka karibu. Jua likishakaa juu ya miti na kimya kimetawala, weka kando chambo cha kuelea, funga chambo kizito cha risasi chenye umbo la samaki, kishushe hadi chini na ukipandishe. Wako hapohapo, ila chini.

Sheria zisikuharibie siku. Kuanzia umri wa miaka 17 unahitaji leseni ya Texas, na leseni nyingi huisha Agosti 31 hata ukinunua Julai. Ukivua ukingoni au gatini ndani ya hifadhi za jimbo, kama Lake Tawakoni State Park au Cedar Hill, leseni haihitajiki, unalipa kiingilio tu. Ulizia geti linafunguliwa saa ngapi, na ukitaka kuwahi lala kambini. Kiwango cha kawaida cha besi weupe ni 25 kwa mtu kwa siku, wasiopungua inchi 10. Texoma, ziwa la mpakani na Oklahoma, lina kanuni zake, zisome kwanza. Angalia sana chotara wa besi mweupe na besi mwenye milia: huyo asipungue inchi 18, na wasizidi 5. Pitisha kidole kwenye ulimi: besi mweupe ana doa moja la meno yanayokwaruza, chotara ana mawili. Na usimkate kichwa wala mkia mkiwa bado majini.

Wa kula mtie kwenye barafu papo hapo, siyo kwenye ndoo ya maji ya ziwa yenye joto. Nyumbani toa minofu, kisha ondoa ule ukanda wa nyama nyekundu chini ya ngozi, maana ndio wenye harufu wanayoilalamikia watu. Kinachobaki ni nyama nyeupe. Ipake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, ikaange haraka, kisha itie kwenye tui zito la nazi na pilipili dakika tano tu, kwa sababu ikizidi inavunjika. Tui la kopo la duka la Wahindi linafaa. Ugali upikwe kwanza.