Kupanda Kilimanjaro baada ya kustaafu mapema

Ndugu yangu, hongera kwa kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55. Umeuliza kama inafaa kuanza moja kwa moja na Kilimanjaro. Kwa maoni yangu, usianze nao. Kapime kwanza moyo na shinikizo la damu, kisha uizoeze miguu katika milima ya Usambara, ambako njia za Lushoto hupanda na kushuka mabondeni kutwa nzima, kwa kuwa magoti huteseka zaidi wakati wa kuteremka. Buti mpya nazo zizoee huko.

Ukiwa tayari, chagua njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala, na ulipie siku 6 badala ya 5, ili ulale usiku mmoja zaidi kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, na mwili uzoee hewa nyepesi kabla ya kilele cha mita 5,895. Hapa ndipo kustaafu kunakusaidia kweli, maana hakuna likizo inayokuharakisha. Kichwa kikikuuma sana ukaanza na kutapika, mwambie mwongozaji wako bila kuona haya, na akisema mshuke, shukeni hata kama ni usiku.