Spindeli za trekta la kukatia nyasi: grisi inapoishia njiani

Kwa miaka miwili nilizitia grisi spindeli za trekta letu la kukatia nyasi kila lilipotimiza saa 25 za kazi, na bado beringi ya chini ya kisu cha kushoto iliungua katikati ya mvua za Aprili, huku nyasi za kikuyu zikiwa zimefika magotini katika uwanja wa shule ninaoutunza Limuru. Nilipoifungua spindeli ile, nilikuta kasha lake limejaa grisi safi, ya rangi ileile niliyoitia, ilhali gololi za beringi zilikuwa zimekauka na kushika kutu. Niliumia sana, kwa sababu niliamini nimefanya kila lililotakiwa.

Spindeli ni ekseli fupi iliyosimama wima, yenye puli juu na kisu chini, nayo huzunguka ndani ya beringi mbili takriban mara 3,000 kwa dakika. Beringi nyingi zinazouzwa madukani, kama zile za namba 6203 au 6204 zenye alama 2RS, huwa na sili za mpira pande zote mbili. Grisi ipitayo kwenye nipeli, yaani kichuchu kidogo cha chuma cha kutilia grisi, hulijaza kasha lililo kati ya beringi hizo, lakini sili ya ndani huizuia isizifikie gololi. Kwa hiyo, ninapofunga beringi mpya kwenye spindeli yenye nipeli, huing'oa kwa ncha ya bisibisi nyembamba ile sili inayotazama ndani ya kasha, nikaiacha ya nje izuie vumbi na maji. Spindeli isiyo na nipeli isifanyiwe hivyo. Wakati wa kufunga, hakikisha umeurudisha ule mrija mfupi wa chuma unaokaa kati ya beringi mbili, kwa kuwa ukikosekana, nati ya puli ikikazwa huzibana beringi kwa ubavu na kuziua mapema.

Kabla ya kugusa chochote huzima injini, huondoa ufunguo na kuchomoa waya wa plagi. Kisha hufuta nipeli kwa kitambaa, maana mchanga ulioganda hapo huingia pamoja na grisi, nikasukuma bomba la grisi polepole mara mbili au tatu huku nikikizungusha kisu kwa mkono wenye glavu nzito. Mpini wa bomba ukianza kuwa mgumu, naacha, kwani grisi ikizidi huisukuma sili ya nje itoke mahali pake. Natumia grisi ya lithiamu namba 2, wala siichanganyi na ya aina nyingine.

Kutu ile niliisababisha kwa kuiosha deki, yaani lile bati linalofunika visu, kwa maji ya shinikizo mara tu baada ya kazi: spindeli yenye joto ikipoa ghafla huyavuta maji ndani. Siku hizi nayakwangua mabaki ya nyasi kwa kipande cha ubao.

Kila mwezi nautoa mkanda na kuzungusha spindeli moja moja, nikisikiliza mkwaruzo kama wa mchanga ndani ya kopo, kisha nashika ncha za kisu na kukitikisa juu na chini. Mara ya mwisho niliukuta uzi wa gunia umejiviringisha juu ya kisu cha kati, umeanza kuila sili. Niliukata kwa wembe, nikaongeza grisi kidogo, na kisu kikazunguka bila sauti.