Guangzhou bila kula haramu: inawezekana, mimi nafanya

Wiki hii dada mmoja wa Tanga ameniandikia. Viza ya China imetoka, mwezi wa kumi anakwenda Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou (Canton ni jina la zamani la mji huo), kutafuta mzigo wa duka lake, na wenzake wa Kariakoo wamemwambia kule halali hakuna: "Ukifika utakula tu, ni dharura." Maneno hayo nayajua. Niliambiwa na mimi, yakaniuma, na mpaka leo yananiuma.

Si kweli, dada yangu. Guangzhou ina Waislamu tangu zama za wafalme wa nasaba ya Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Msikiti wa Huaisheng uko katikati ya mji na mnara wake wa karibu mita 36, na msikiti wa Xianxian uko pamoja na kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na swahaba Saad bin Abi Waqqas. Si mbali na hapo ni Xiaobei, mtaa wanaofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika. Fikia huko. Wali, nyama ya kondoo, mikate ya Waarabu, vyote unavifuata kwa miguu.

Kazi inaanza ukitoka Xiaobei. Mimi nauza vigae, kwa hiyo njia yangu ni Foshan, mji jirani, viwandani. Safari ya kwanza mwenye kiwanda alituandalia meza imejaa: nguruwe wa kuoka katikati, samaki, mboga, supu. Nikamwomba mkalimani aulize jikoni. Akarudi kusema mboga zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe na samaki ametiwa mvinyo wa mchele. Nikaomba matunda na chai. Mtanzania mwenzangu, Muislamu, tuliyeswali naye Ijumaa iliyopita, akacheka mbele ya wenyeji wetu akasema huyu bado mshamba, atazoea. Mwenye kiwanda hakucheka. Alimtuma kijana nje ya geti, akarudi na bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe kutoka mgahawa wa tambi za Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu. Vigae bado nanunua kwake. Yule mwenzangu sijasafiri naye tena.

Migahawa hiyo ishike sana. Wengi wa wenye migahawa hiyo ni Waislamu wa majimbo ya Qinghai na Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, tambi wanazivuta kwa mikono mbele yako, na utawakuta hadi kwenye miji ya viwanda ambayo hujawahi kuisikia. Tafuta maandishi haya: 清真, yanasomwa "qingzhen", mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Yaweke kwenye simu. Nikikuta bia inauzwa ndani, mimi natoka. Wala usitosheke kumwambia mpishi huli nguruwe. Ataiondoa nyama, kisha mboga akukaangie kwa mafuta yaleyale. Uliza mafuta. Uliza na mvinyo.

Kwenye ndege, ukipitia Doha au Dubai kwa mashirika ya huko, chakula ni halali. Mengine agiza mlo wa Kiislamu mapema, angalau saa 24 kabla, usingoje kukaa kitini. Mkobani beba tende, visheti, kashata. Nyama acha nyumbani, forodha ya China hairuhusu.

Pale kwenye maonyesho niliwahi kukaa meza moja na mfanyabiashara Myahudi kutoka Israel. Kosher, yaani sheria yao ya chakula, ina masharti mengi kuliko yetu: kamba hawali, nyama na maziwa hawachanganyi, hata sufuria ina hukumu yake. Alifungua mikebe aliyotoka nayo kwao akala mbele ya wateja wake, na hakuna aliyemcheka. Sisi tunachekana wenyewe kwa wenyewe!

Halafu tunaitaja dharura. Aya ya 173 ya Suratul Baqara inamzungumzia aliyebanwa, asiyetamani wala kuvuka mpaka. Wewe una pesa, una simu, duka la matunda liko chini ya hoteli yako. Umebanwa na nini, kama si kuogopa macho ya wenzako?

Dada wa Tanga, ukishapata tarehe ya safari niandikie, nikutumie ramani ya migahawa ninayokula Foshan. Na ninyi mliotangulia, mgeni akiwauliza chakula hiki kimepikwa kwa mafuta gani, mwulizieni mpishi.