Maswali ya wasomaji: Mvinyo wa zabibu zetu na meza ya Wayahudi

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi nalima zabibu huku Hombolo, ekari mbili. Jirani yangu Msabato kaniambia Wayahudi wanafungua Sabato Ijumaa jioni kwa kikombe cha mvinyo, nikafurahi nikajua soko hilo, ila akaongeza kwamba mvinyo huo akiugusa tu mtu asiye Myahudi hawaunywi. Imeniuma kweli. Ina maana mikono yetu ni michafu?

JIBU: Pole kaka, mikono yako haina shida yoyote. Zabibu unalima wewe, unapalilia, unachuma, unajaza kreti mpaka kiwandani na sheria yao haikuzuii. Shambani wanaangalia umri wa mche tu, matunda ya miaka mitatu ya kwanza hayatumiki kabisa, ipo kwenye Mambo ya Walawi 19:23.

Ugumu unaanza zabibu zikishasagwa, yaani pale mchuzi unapoanza kuachana na maganda, kuanzia hapo mpaka chupa inazibwa wanaoshika ni Wayahudi wanaotunza Sabato peke yao. Na sababu yake sio uchafu jamani. Zamani za Wagiriki na Warumi watu walikuwa wanamwaga mvinyo mbele ya miungu yao, marabi wakaona bora waweke uzio mapema, na walitaka pia watu wao wasizoee kunywa pamoja na wageni mpaka wakaishia kuoana nao. Hata hapa kwetu wazee wanajua pombe ya tambiko sio ile ya kilabuni, kwa hiyo naamini utanielewa. Tena mvinyo wao ukishachemshwa katazo hilo linaondoka, mhudumu yeyote anaweza kuwamiminia harusini.

Hiyo Ijumaa yenyewe ni nzuri sana. Jua likikaribia kuzama mishumaa inawashwa, wakishakaa mezani mwenye nyumba anainua kikombe kimejaa pomoni anasoma baraka, inaitwa kidushi. Pembeni kuna mikate miwili imefunikwa kitambaa, na moja ya sababu wanazowaambia watoto ni kwamba mvinyo unabarikiwa kwanza, sasa mkate usione aibu. Mimi hiyo ilinigusa mno, watu wanaojali aibu ya mkate! Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana wanaiaga Sabato, tena kwa mvinyo, na wananusa viungo vya harufu, wengi wanatumia karafuu, kisha mshumaa unazimwa ndani ya mvinyo uliomwagika kwenye sahani.

Kuhusu soko, kiwanda kingehitaji msimamizi wa kosheri, yaani wa vyakula na vinywaji vinavyoruhusiwa na sheria yao, anayetambuliwa na marabi, sio kitu cha mkulima mmoja. Wayahudi wa karibu nasi wapo, Nairobi kuna sinagogi, na kule Mbale Uganda kuna Abayudaya, Waafrika kabisa walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, Idi Amin akawapiga marufuku na bado wapo mpaka leo.

Ila kuna kitu hujauliza na kinakuhusu. Wayahudi wa India wanaoitwa Bene Israel, wa pande za Mumbai, walikuwa hawapati mvinyo wa kosheri, wakawa wanaloweka zabibu kavu kwenye maji, wanakamua, wanachuja, wanasomea baraka ileile. Zabibu kavu tu kaka, kama hizo unazoanika juani msimu bei ikishuka.